Rimoti Kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki mpya imefika. Nyeusi, inang'aa, haina tundu la ufunguo. Nimeizunguka mara nne kulitafuta nisilione. Pale pa tundu pana kitufe cha mviringo, basi. Ufunguo wake ni rimoti, kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kinakaa mfukoni tu. Ukiwa nacho karibu, hatua mbili hivi, unabonyeza kitufe, inawaka. Ukiwa mbali nacho, ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, haiwaki. Pikipiki inayomjua mwenyewe. Nimewahi kuwa na mbwa asiyeweza hilo.

Nimeiegesha kazini mahali pa wazi, mbele ya dirisha la mkuu wa benki ya damu. Matarishi wa benki hii tuko wawili, mimi na Mzee Teke. Tunabeba damu kwenye sanduku la barafu na kuipeleka inakohitajika. Mimi napewa zahanati za pembezoni, zile zenye chumba kimoja na kuku mlangoni. Mzee Teke ana hospitali kuu. Anayo mwaka wa kumi na tisa. Pikipiki yake ina umri huohuo na huwaka kwa kupigwa teke, ndiko lilikotoka jina. Teke la kwanza kimya, la pili kikohozi, la tatu moshi. Ufunguo wake ni wa chuma, ameufunga kwa kamba ya kiatu, anauvaa shingoni.

Ameitazama yangu kwa muda mrefu. Akauliza, na rimoti ikipotea? Nikamwambia haipotei, iko mfukoni mwa suruali. Akauliza, na ukibadilisha suruali? Ofisi nzima ikacheka, hadi mfagizi. Nimeliweka hilo moyoni.

Nia yangu naiandika hapa nisije kuikana: naitaka hospitali kuu. Si uroho. Dada yangu amelazwa huko, wodi ya sita, wiki ya pili sasa. Ana uvimbe tumboni unaomvujisha damu, amepauka mpaka viganja. Daktari amesema hapasuliwi mpaka aongezewe chupa mbili, na kundi lake la damu ni la nadra, hadi itafutwe. Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinifulia, alinisomesha, alikwenda kuniombea msamaha shule tatu tofauti. Na kila nikienda kumwona namkuta shemeji, mumewe, ananitazama mikono kuona nimeleta nini. Sijaleta kitu. Siku nitakayoingia wodi ile na sanduku la damu, wauguzi wakinipisha, ndipo shemeji atakapojua mkewe ana ndugu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba mkuu atoke nje aione teknolojia. Ni mama mmoja hivi asiye na mchezo, miwani puani, kalamu sikioni. Nikamweleza kwamba hakuna mwizi chini ya jua awezaye kuiwasha. Akanyoosha kidole, akauliza, kitufe ndicho hiki? Akabonyeza. Ikawaka.

Ni kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama palepale na rimoti mfukoni. Ingekuwaje isiwake? Lakini sikuwahi kulisema hilo. Nilirukia usukani niizime, nikakaza mafuta badala ya breki. Pikipiki ikanichukua. Tulipita kwenye makopo ya maua, tukalibomoa bango la kuwakaribisha wachangia damu, tukaishia mlango wa choo. Nimechubuka goti. Wachangia damu wawili waliokuwa kwenye foleni waliondoka, na mmoja alikuwa ameshapimwa.

Mkuu hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwa hiyo rimoti ikiwa karibu, yeyote anaiwasha." Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya watu wasiopenda maendeleo. Akarudi ndani.

Mchana nimechukua hatua. Nimeandika barua isiyo na jina kwenda kwa mkuu. Nimeeleza kwamba pikipiki ya tarishi fulani mzee inatikisa damu kupita kiasi, kwamba damu ikifika hospitali inakuwa na povu, na kwamba wananchi hawatavumilia. Nimetia sahihi: Raia Wapenda Damu. Nimeipitisha chini ya mlango wake wakati wa chai. Kazi safi.

Jumatano, 5 Machi

Barua imesomwa mbele ya wote asubuhi. Mkuu ameisoma taratibu, bila kubadilisha uso, mpaka kwenye povu. Halafu akaigeuza. Nyuma yake ni fomu ya mafuta ya mwezi uliopita, jina langu limejazwa juu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu saa mbili hadi saa sita kila aliyepita karibu yangu alinisalimia, "Habari za leo, mpenda damu?"

Mzee Teke peke yake hakucheka. Hilo liliniuma kuliko yote. Mtu mwenye adabu angecheka na kuyamaliza.

Lakini saa saba mambo yamegeuka. Mzee Teke mwenyewe ameingia kwa mkuu kuomba apumzishwe. Goti. Miaka kumi na tisa ya mateke, limevimba kama boga, daktari kamwambia asilitumie wiki nzima. Mkuu amekaa akinitazama kupitia dirisha kwa dakika kadhaa. Kisha ameniita na kunipa hospitali kuu, kwa majaribio, kuanzia kesho.

Barua imefanya kazi yake. Wengine watasema ni goti, waseme.

Mzee Teke amenifuata nje kunipa nasaha. Amesema mlinzi wa getini kule ana taratibu zake, nimheshimu. Amesema pia niwe na desturi ya kushika ufunguo mkononi kabla sijakaa kwenye pikipiki, kila mara, hata nikiwa na haraka. "Mkono kwanza, makalio baadaye, mwanangu." Nikamwambia mimi sina ufunguo. Akatikisa kichwa na kuchechemea zake.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali kuu ina ubao getini wenye misumari thelathini. Kila mwenye pikipiki anatundika ufunguo wake kwenye msumari wenye namba na kupewa kibati chenye namba hiyohiyo. Zamani pikipiki ziliziba njia ya gari la wagonjwa, kwa hiyo sasa mlinzi ndiye mtunza funguo. Gari likija anashika ufunguo, anaisogeza pikipiki. Ufunguo haushuki msumarini mpaka pikipiki iwe inatoka. Sheria haina jicho, alisema, wala haimjui mtu.

Nilimpa rimoti. Akaigeuzageuza. Akauliza meno yake yako wapi. Nikamweleza teknolojia. Akainusa. Mwishowe akaitundika msumari wa kumi na tatu, nikapita na sanduku langu.

Yaliyofuata ni matamu, sitaki kuyafupisha. Korido ya hospitali ikimwona mtu na sanduku la damu inafunguka. Wenye magongo walinipisha. Wodi ya nne, ya wanaume, fundi cherehani mmoja aliyelazwa na vidonda vya tumbo aliniita kitandani kwake. Nilidhani anataka kunishukuru. Akaniambia upindo wa mguu wangu wa kushoto umeshuka kuliko wa kulia, na kwamba akitoka hapo nimpelekee suruali hiyo ainyooshe, maana inamkosesha usingizi akiiona. Futi ya kupimia ameitundika kichwani mwa kitanda. Ni mzee mcheshi. Nikamwahidi.

Wodi ya sita, shemeji alisimama. Naandika tena: alisimama! Damu ile haikuwa ya dada, yake bado inatafutwa, lakini shemeji hakujua, na sikuona haja ya kumharibia siku. Dada alinishika mkono. Wake ni baridi. Akasema, "Umekonda." Yeye ndiye aniambiaye mimi nimekonda.

Kutoka, nilikaa kwenye pikipiki, nikabonyeza, ikawaka. Maegesho yako chini ya ubao ule, kwa hiyo iliinusa rimoti ukutani kabla sijaichukua. Nikawa naondoka. Mlinzi akapaza sauti mbele ya wauguzi watano, "Bwana Rimoti! Umesahau kitu chako!" Walicheka wote watano. Niliichukua, nikamweleza kwa ukali kwamba mtu mwenye wadhifa wangu hafokewi kama mwizi wa mbuzi, na kuanzia leo akiniona natoka afunge mdomo wake. Akasema, "Sawa, mkubwa. Sitasema tena."

Ijumaa, 7 Machi

Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitaropoka.

Saa tatu nilipeleka damu hospitali kuu, bila tatizo. Natoka, wauguzi wako getini tena. Nikakaa kama mtu anayepigwa picha, nikabonyeza, nikaondoka. Mlinzi aliinua kizuizi. Alinitazama, akatazama ubao, akaweka mkono mdomoni. Mtu wa ahadi.

Njia nzima taa ndogo nyekundu iliwaka na kuzimika mbele yangu, na kitu kikalia pii, pii, pii. Nilidhani ni mambo ya kasi. Nilidhani inanisifu.

Nikafika benki ya damu. Nikazima.

Papo hapo mkuu akatoka mbio na sanduku mikononi. Sijawahi kumwona akikimbia. Chupa mbili, wodi ya nne, fundi cherehani, kidonda kimepasuka, anatapika damu, nenda. Nikafunga sanduku kwenye keria. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Nikajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, wa shati, soksi.

Naeleza hapa jambo ambalo mtengenezaji wa pikipiki hii atalijibu mbele ya Mungu. Ikishawaka haijali tena rimoti iko wapi. Itakupeleka mpaka mwisho wa dunia bila rimoti. Ila ukizima umekwisha. Kuna namba ya siri ya kuiwasha kwa dharura. Namba imeandikwa kwenye kijitabu. Kijitabu kiko chini ya siti. Siti inafunguka kwa rimoti.

Mkuu alifungua dirisha kuuliza kwa nini sijaondoka. Nikasema naipasha injini joto. Kisha nikaisukuma mpaka nyuma ya jengo asinione. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mchana kutwa. Ni kwamba nilimwona kichwani mwangu akitoka kuja kusema, "Kwa hiyo," kama Jumanne. Nilijiambia dakika mbili zinatosha. Kuna kiteremko huko nyuma, nikaishusha mara tatu nikitumaini itashtuka iwake. Haishtuki. Nikaisukuma kupanda mara tatu, na sanduku juu. Nikaupiga teke upande wake, ikapiga honi. Mfa maji haachi kutapatapa. Simu ya mlinzi sina, nani anachukua namba ya mlinzi?

Mzee Teke alinikuta huko. Alikuwa anarudi kutoka kuchuliwa goti, ana mkongojo. Alilifungua sanduku kwenye keria yangu, akalifunga kwenye yake, iliyokuwa imeegeshwa hapohapo tangu apumzishwe. Teke la kwanza kwa goti lile nilisikia akiguna. La pili akalia kwa sauti. La tatu ikawaka.

Fundi cherehani alikata roho saa tano na dakika ishirini. Mzee Teke aliingia getini saa tano na nusu.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari ameandika kwamba huenda angekufa hata damu ingewahi. Nimemwomba nakala. Nimelisoma hilo neno huenda mara nyingi sana.

Mkuu ameniita. Aliuliza nilikaa kimya muda gani kabla Mzee Teke hajanikuta. Nikasema dakika kumi. Akafungua daftari la kutolea damu, akatazama saa aliyonipa sanduku, akatazama saa aliyoondoka nalo Mzee Teke. Akasema, "Thelathini na tano." Nilijieleza: mlinzi, msumari, taa isiyo na maelezo, siti. Akafunga daftari kabla sijamaliza.

Nimetumwa hospitali kuu kwa miguu kuchukua rimoti yangu. Msumari wa kumi na tatu, iko palepale. Mlinzi amenipa. Nilimuuliza kwa nini hakunikumbusha. Akasema nilimkataza. Nikakasirika.

Nilipokuwa bado nimesimama hapo alitoka mjane wa fundi na kifurushi. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia nje ya mfuko. Mtu fulani alimwonyesha mimi ni mtu wa damu. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Asante kwa kuhangaika, baba. Wamesema mlihangaika sana." Nilipaswa kusema. Nilisema pole, mama, ni kazi ya Mungu. Akaenda. Nilirudi nikiuvuta juu kwa mkono mguu wa kushoto wa suruali yangu ili upindo usionekane.

Nina aibu. Sijui kuiandika vizuri zaidi ya hivyo. Chakula hakipiti.

Jumapili, 9 Machi

Damu ya dada imepatikana. Chupa mbili, zimetoka mji mwingine, na hakuna nyingine ya kundi lake popote. Atapasuliwa Jumanne saa saba mchana. Daktari amesema uvimbe umeanza kutoa damu kwa wingi, hawezi kusubiri wiki nyingine, na bila chupa hizo hawamgusi.

Goti la Mzee Teke nalo limeisha kabisa. Yale mateke matatu. Amefungwa mguu mzima, amelala kwake. Mkuu amesema atatafuta teksi.

Nimekwenda wodini. Shemeji ameshasikia kila kitu, hospitali haina siri. Hakusimama. Amesema damu ya mkewe ataifuata yeye mwenyewe na teksi yake, na mimi nikae mbali na pikipiki yangu ya kichawi. Nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda, natazama sakafu, na dada alijua kwamba nalia kabla sijajua mimi.

Akamwambia mumewe, "Mwache alete yeye. Ukimnyima hili, lile la fundi litamuua." Shemeji akasema ni maisha yako unayachezea. Dada akasema ni yangu, ndiyo. Akanigeukia. Akaniomba jambo moja tu: nikifika nisifanye lingine lolote. Nisiongee na mtu, nisimwonyeshe mtu kitu. Sanduku mkononi mpaka kitandani kwake. Nimeapa kwa kaburi la mama.

Jioni nimempigia simu mkuu, nimebembeleza, nimemwambia dada mwenyewe kaomba. Akasema, "Labda ya dada yako utaichunga." Nimekubaliwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri mchana kutwa na nimelipata. Watu wanafanya makosa mara mbili kwa sababu hawakai chini kutafuta chanzo. Mimi nimekitafuta. Chanzo cha maafa yote ni kwamba rimoti iliachana na pikipiki. Moja ilikuwa ukutani, nyingine barabarani. Zingekuwa pamoja, fundi cherehani angekuwa ananisema suruali leo hii.

Kwa hiyo: zisiachane.

Nimenunua gundi ya viatu. Nimeinua siti, nimeisugua sehemu kwa msasa, nimebandika rimoti chini yake, nikaikandamiza kwa tofali saa mbili nzima. Imeshika. Nimejaribu kuing'oa kwa bisibisi, imekataa. Nimebonyeza kitufe mifuko mitupu: imewaka. Nimebonyeza nikiwa na kaptula tu: imewaka. Sasa niende popote, nizime mara ngapi, nivae nini, itawaka.

Fundi wa pikipiki aliyeniazima msasa amesimama kando akinitazama. Akaniuliza, sasa si imekuwa haina ufunguo kabisa? Nikamwambia ndiyo sifa yake, imeandikwa hata kwenye boksi. Akasema, "Kaka, sikiliza." Nikamwambia nimeshasikiliza watu vya kutosha wiki hii. Ukisikiliza kila mtu huwezi kufanya kitu. Anaona wivu, maana nikiwa sina shida ya rimoti hatanipata kama mteja.

Sikuishia hapo. Sanduku la damu nalo nimelifikiria. Ijumaa Mzee Teke alilifungua kwenye keria yangu kwa sekunde tano. Yeye ni mtu mwema, lakini angekuwa mwizi? Nimenunua mnyororo na kofuli kubwa. Sanduku litafungwa kwenye keria na halitoki bila ufunguo wa kofuli. Wa chuma, una meno. Hata Mzee Teke angeusifu.

Leo nimekula vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa wodi ya sita, kwenye benchi, miguuni pa kitanda cha dada. Saa sita na nusu. Nimewahi kwa nusu saa nzima. Furaha inaukimbiza mkono, mwandiko unisamehe.

Mkuu alinikabidhi chupa mbili saa sita kasoro robo, akaniangalia nikifunga mnyororo, akauliza rimoti iko wapi. Nikamjibu iko salama kuliko wakati wowote. Nilibonyeza, ikawaka mara moja. Njia nzima taa nyekundu haikuwaka. Hakuna pii. Nilikuwa nataka kulia.

Getini mlinzi akadai ufunguo, sheria haina jicho. Rimoti imebandikwa, sina cha kumpa. Lakini mtu mwenye akili hakwami. Nikampa ufunguo wa kofuli. Akauona una meno, akafurahi, akasema sasa umekuwa mtu. Akautundika. Kisha gari la wagonjwa likaja, akakimbilia kizuizi.

Nikaenda kuchukua sanduku. Limefungwa kofuli. Ufunguo uko msumarini, na haushuki mpaka pikipiki iwe inatoka. Nilimwita mlinzi, akanijibu bila kugeuka kwamba nilete karatasi ya muuguzi mkuu ya kuruhusu ufunguo ushuke. Sikugombana naye. Nimejifunza kugombana na watu wa chini kunaleta hasara.

Kulikuwa na bwana mmoja pale maegesho, mstaarabu sana, amevaa kofia ngumu tayari ingawa sikuona pikipiki yake. Aliisifu yangu. Akauliza ni kweli hizi zinawaka kwa kitufe tu. Najua niliapa nisimwonyeshe mtu kitu, lakini ilikuwa ni sekunde. Nikamwonyesha mifuko yangu mitupu, yote miwili, nikabonyeza, ikawaka, nikazima. Alishangaa kwa dhati. Watu kama hao ndio wanaoleta maendeleo. Akasema niende tu kushughulikia karatasi, yeye yupo hapo, ataitupia jicho.

Kwa hiyo nimemwomba muuguzi mkuu karatasi, na wakati anaiandaa nimepanda kumtoa dada wasiwasi. Nimemwambia damu imefika, iko chini, nusu saa kabla ya wakati. Aliuliza mbona mikono mitupu. Nikamweleza mnyororo, kofuli, muuguzi mkuu anatafuta mhuri wake, dakika mbili. Alifumba macho. Shemeji, nakiri, amenipa mkono. Amesema, "Basi shemeji, nilikukosea." Nimempokea. Amenisogezea na benchi.

Wameshamvika dada gauni la kijani la chumba cha upasuaji. Midomo yake haina rangi. Daktari amepita kuuliza damu iko wapi, nikamwambia iko getini. Muuguzi mkuu ameupata mhuri, sasa anatafuta wino.

Dirisha liko wazi. Chini kuna pikipiki inawaka, sauti nzuri, laini, ya kisasa kabisa, inaondoka kwa kasi. Dada amefumbua macho akauliza kama si yangu ile. Nimecheka, nimemfunika shuka vizuri. Nimemwambia atulie, asijichoshe bure. Yangu haiwezi kwenda popote bila rimoti, na rimoti siku hizi haibanduki kwenye pikipiki.